Taja Dakika: Namna ya Kusimamia Ubishi wa Simba na Yanga Kijiweni

Kijiwe chetu kipo Mwananyamala, kwenye baraza ya duka langu la cherehani. Asubuhi wanakaa wazee wa drafti, mchana madereva wa bodaboda wanaokimbia jua, na alasiri, muuza kahawa akishatua birika lake, wanafika wote kwa pamoja. Mimi ndiye mwenyekiti. Sikugombea. Baraza ni yangu, mabenchi ni yangu, na mwenyekiti wa zamani amehamia Chanika. Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote aliyejikuta na kazi kama yangu: katibu wa tawi, mwenye kibanda umiza, au mama mwenye nyumba ambaye watoto wake wamegawanyika jezi.

Kwanza kabisa, usitafute utulivu. Anayetaka kutulia ana kwake. Watu wanakuja kijiweni kubishana, na ubishi ndio starehe yenyewe. Ukiuzima umeua kijiwe, na muuza kahawa atahamia kwa mwenzako. Kazi yako ni kuona kwamba ubishi una kitu cha kubishania. Ngumi haziletwi na hoja kali. Zinaletwa na hoja kuisha, pale mtu anapokuwa hana tena la kusema na hataki kukaa chini.

Sema timu yako

Usijifanye huna upande. Dar es Salaam hii mtu akikwambia yeye hana timu, mjini watu wanaelewa kwamba ni Simba anayemwogopa bosi wake wa Yanga, au kinyume chake. Mimi ni Simba, na kila anayekaa barazani kwangu anajua tangu siku ya kwanza. Wakijua, watakupima kwa haki: utakapomnyamazisha Yanga wataangalia kama jana ulimnyamazisha Simba kwa kosa lilelile.

Ila ukishasema, lipa gharama yake. Makamu wako awe wa upande wa pili, tena awe mtu mwenye sauti. Wangu ni mzee mmoja fundi bomba, Yanga wa damu, na nikiwa nimekasirika mimi, anayesimamia ni yeye. Pia uwe wa kwanza kusema ubaya wa timu yako. Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1. Nilifungua duka asubuhi ya kesho yake, nikasema namba hiyo mwenyewe kabla mtu hajanifikia na vidole vitano hewani. Mtu aliyekwisha kusema msiba wake haonewi raha kumtania.

Kanuni ya dakika

Hii ndiyo kanuni kubwa, na kama huna muda wa kusoma mengine yote, chukua hii. Anayemkosoa mchezaji, kocha au mwamuzi ataje dakika. Kama dakika imempotea, ataje tukio. Halafu aseme mambo mawili: yule mtu alifanya nini, na alipaswa kufanya nini. Basi.

Inavyokwenda ni hivi. Kijana wa bodaboda anafika na helmeti bado kichwani, anapiga kelele kabla hajazima pikipiki.

"Kipa gani yule! Hovyo kabisa, arudi kwao akalime."

"Dakika ya ngapi, dogo?"

"Mechi nzima, fundi."

"Nipe moja."

"Lile bao la pili."

"Alifanya nini?"

"Alitoka."

"Alitakiwa abaki golini?"

Hapo ananyamaza. Anavua helmeti. Anaiona tena ile krosi kichwani mwake. "Hapana, kutoka alitakiwa atoke. Alichelewa."

Sasa tuna mazungumzo. Mzee wa drafti anadakia kwamba alichelewa kwa sababu beki wake alikuwa amemziba asione. Mwingine anauliza nani aliachia krosi ipigwe bila kukabwa. Ndani ya dakika chache tumefika kwa winga ambaye hakurudi kukaba, na kipa aliyekuwa "hovyo" sasa ana kosa moja dogo lenye jina: alichelewa kutoka. Kijana bado ana hasira, na haki yake kuwa nayo. Lakini hasira yake ina anwani.

Angalia kwamba sikumkatalia. Ukimwambia mshabiki "usimseme kipa wetu" umemwasha zaidi. Ukimuuliza dakika, umempa heshima ya mtu aliyeangalia mpira, na wengi wanapenda kuonekana wameangalia mpira. Yule ambaye hakuangalia, aliyesikia redioni au kuona matokeo tu, atajulikana hapohapo bila wewe kumwaibisha.

Mtu atakuletea simu yenye kipande cha video kama ushahidi. Kubali, kwa sharti moja: kianze pale mpira ulipopotea. Vipande vingi vinaanza sekunde mbili kabla ya bao, na ukiviangalia hivyo kila bao ni kosa la kipa na beki wa kati. Rudisha nyuma hadi kwenye pasi mbovu ya kiungo na utaona lawama inavyohama.

Ile tano-moja ni mfano mzuri. Jioni yake kila Simba alikuwa na wimbo mmoja: beki, beki, beki. Makamu wangu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kukaa na kucheka tu, akauliza swali la maana kuliko yote: kipindi cha kwanza kiliisha 1-1 na mabeki ni haohao, sasa mapumziko yalibadilisha nini? Mabao manne yaliingia kipindi cha pili. Watu wakaacha kutaja majina ya mabeki wakaanza kuzungumza miguu ya viungo, nafasi zilizoachwa katikati, na mabadiliko aliyofanya kocha. Siku mbili baadaye klabu ikaachana na kocha Robertinho, na kijiwe kikagawanyika upya: wapo waliosema ametolewa kafara, wapo waliosema kachelewa kuondoka. Wote walikuwa Simba. Ubishi wa namna hiyo mimi naulipia kahawa.

Neno "kauza"

Kwangu neno hili limefungwa. Kusema mchezaji kauza mechi ni kumwita mwizi, na kijiwe hakina polisi wala hakimu. Zaidi ya hapo, neno lenyewe linaua mazungumzo: mechi ikishakuwa imeuzwa, hakuna tena kukaba, hakuna mfumo, hakuna uchovu, hakuna mpinzani aliyecheza vizuri. Kila kitu kimeelezwa kwa neno moja, na hakuna aliyejifunza kitu.

Anayetaka kulitumia namuuliza: nani katoa, nani kapokea, wewe umejuaje? Akiwa hana, ana maneno mengine ya kuchagua. Amecheza chini ya kiwango. Hakuwepo mchezoni. Kichwa chake kilikuwa kwingine. Yote hayo ni makali na yote yanajadilika.

Kwa wale wanaoamini mabao mengi kwa ghafla ni lazima yana mkono wa mtu, huwa nawakumbusha tarehe 20 Oktoba 2013. Yanga waliongoza 3-0 hadi mapumziko. Mechi ikaisha 3-3. Siku ile Yanga wengi walisema wameuzwa. Muulize Simba yeyote aliyekuwepo atakwambia habari tofauti kabisa, ya timu iliyokuwa haina cha kupoteza na timu iliyoanza kusherehekea mapema. Matukio yaleyale, hadithi mbili, na ya pili ndiyo inayoweza kuchambuliwa.

Pia weka rekodi. Kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo zina matokeo makubwa ya watani hawa, kwa sababu wazee wakichoka kubishana kuhusu juzi wanarudi zamani, na huko kila mtu anajiongezea mabao. Yanga 5-0 mwaka 1968. Simba 6-0 mwaka 1977, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Simba 5-0, tarehe 6 Mei 2012. Ubishi wa tarehe na namba umalizwe kwa daftari, tena haraka. Hauna utamu.

Utani una mipaka

Sisi ni watani wa jadi, na utani nauruhusu wote: vyura na utopolo kwa Yanga, makolo na mikia kwa Simba. Vyura wanaitwa hivyo Yanga kwa sababu klabu yao ipo Jangwani, bondeni, na mvua kubwa zikinyesha mafuriko yanafika. Mto unaofurika unaitwa Msimbazi, jina la mtaa wetu, jambo ambalo sisi Simba hatuachi kulikumbushia. Makamu wangu hucheka kila mara. Anajibu kwa vidole vitano na mambo yanaisha.

Kinachoruhusiwa barazani kwangu ni timu, jezi, matokeo, makombe na jengo la klabu. Kisichoruhusiwa ni mama wa mtu, kabila lake, dini yake, maumbile yake na umaskini wake. Hapa sina onyo la kwanza na la pili. Na wachezaji wanalindwa kama waliokaa kwenye benchi, ingawa hawatusikii. Timu zetu zimejaa Wakongo, Wazambia, Waburkinabe, Waivori. Sema mchezaji analipwa hela nyingi na hafungi, hiyo ni hesabu ya klabu na mwanachama ana haki kuiuliza. Lakini "arudi kwao" haina dakika. Ndiyo maana hata yule kijana wa bodaboda sikumjibu habari ya kulima; nilimrudisha kwenye bao la pili, na ilipoisha nikamwita pembeni.

Dawa ya chuki juu ya mchezaji ni kumbukumbu. Julai 2024 Clatous Chama alitoka Simba akaenda Yanga. Wale waliokuwa wakimwita Mwamba wa Lusaka, asubuhi walimkuta amekuwa mzee, mvivu, hakabi. Upande wa pili, waliomwita mzee na mvivu miaka yote wakamgundua ni fundi. Mwenyekiti hahitaji kuhutubia. Nilimwomba kila mmoja arudie alichosema mwezi mmoja nyuma, na kicheko kikafanya kazi yote.

Wakati nao una sheria yake. Jioni ya kipigo utani uwe mfupi. Kesho yake endelea mpaka uchoke. Na mtoto aliyevaa jezi haguswi siku yoyote, mpe kashata.

Mwamuzi na chaki

Hakuna anayetukanwa kama mwamuzi, na matusi mengi yanatokana na kutojua sheria. Mwenyekiti lazima azijue, angalau tatu zinazoleta vurugu. Kuotea: mkono hauhesabiwi, kuanzia kwapani kushuka, kwa hiyo mshambuliaji aliyenyoosha mkono mbele ya beki hajaotea kwa mkono huo. Hakuna kuotea kwenye mpira wa kurusha, kona wala mpira wa goli. Kunawa: sio kila mpira uliogusa mkono ni faulo, mwamuzi anaangalia kama mkono ulifuata mpira na kama ulikuwa umetanua mwili isivyo kawaida. Ya tatu ni mpira kuvuka mstari, na hii nitaieleza kwa urefu kwa sababu ilikaribia kunivunjia mabenchi.

Aprili 2024, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Yanga walikuwa Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Mechi ya Dar ilikuwa imeisha 0-0. Shuti la Aziz Ki, kiungo wa Yanga, likagonga mwamba wa juu, likashuka kwenye mstari, likatoka. Mwamuzi hakutoa bao, VAR, wale waamuzi wa video, hawakubadilisha, mechi ikaisha 0-0 tena na Yanga wakatolewa kwa penalti. Kesho yake barazani hapakuwa na nafasi ya kukaa. Yanga wote walikuwa na picha kwenye simu inayoonyesha mpira upo ndani. Simba walikuwa na picha nyingine.

Nilichukua chaki ya kushonea nikachora mstari sakafuni, upana wa sentimita 12, kwa sababu sheria inasema mstari wa goli usizidi hapo. Nikaweka mpira wa watoto wa jirani, saizi ya kawaida. Mzunguko wa mpira wa mechi ni sentimita 68 hadi 70, maana yake upana wake ni kama 22, na nusu yake 11. Halafu nikasogeza mpira hadi sehemu inayogusa sakafu ikawa imevuka ukingo wa ndani wa mstari kwa sentimita nane, nikapima kwa futi mbele ya wote. Ukiinama chini ubavuni mwake unaona sakafu tupu kati ya mstari na pale mpira ulipogusa. Nikauliza: bao au sio bao?

Wote wakasema bao, hata Simba.

Nikachukua rula ya mbao nikaisimamisha wima kwenye ukingo ule wa mstari. Mpira ukaigusa. Tumbo lake lilikuwa bado limening'inia juu ya mstari kwa sentimita tatu, na sheria inataka mpira wote uwe umevuka mstari wote, hewani au chini. Kwa hiyo sio bao. Kisha nikawaambia wakae upande, kama kamera ya jukwaani, na kila aliyehama aliona kitu kingine. Kamera isiyokaa sawasawa na mstari itakudanganya, uwe Yanga au Simba.

Sikuwaambia Yanga kwamba halikuwa bao. Mimi sijui, sikuwa na kamera ya kwenye mstari. Nilichofanya ni kuhamisha ubishi kutoka "wametuibia" kwenda "picha ipi imepigwa kutoka wapi". Mama anayeuza chapati ng'ambo ya barabara, Yanga mwenzao, akauliza kwa nini mashindano makubwa ya klabu Afrika yachezwe bila teknolojia ya mstari wa goli. Wanaume walikuwa wanapayuka juu ya sauti yake, ikabidi niwanyamazishe arudie. Ndilo lilikuwa swali bora la siku. Mtu mwenye sauti ndogo mara nyingi anakuwa na hoja kwa sababu ameshapata muda wa kufikiri wenzake wakipiga kelele, mpe nafasi kwa kumtaja: "Mama anasema."

Mikeka

Siku hizi sehemu kubwa ya ukosoaji ni mkeka uliochanika, yaani tiketi ya kubeti iliyoliwa. Mtu anamshambulia mshambuliaji wa Simba kwa matusi ambayo hayaendani na penalti moja iliyokosa, ukichunguza unakuta alikuwa na timu nane, saba zimetiki, na hiyo ndiyo imemwangusha. Huyo hakosoi mpira. Analilia hela ya kodi.

Kwa hiyo kwetu mwenye mkeka anatangaza kabla hajafungua mdomo. "Nina mkeka, halafu nasema hivi." Haimzuii kusema, ila wasikilizaji wanajua wapunguze kiasi gani. Na kama kapoteza pesa za maana, usimruhusu abishane kabisa siku hiyo. Mkalishe karibu na wazee wa drafti, mwagizie kahawa.

Pandikizi

Sasa jambo gumu kuliko yote, na ambalo wenyeviti wengi wanalikosea kwa kudhani hatari ipo kati ya Simba na Yanga. Watani wana mazoea ya kutukanana, wanajua wapi pa kusimama. Ugomvi mbaya kabisa niliouona barazani ulikuwa kati ya Simba na Simba.

Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ilifungwa 2-0 na RS Berkane kule Morocco, marudiano Zanzibar yakawa 1-1. Wengi wetu tulikuwa tunajipongeza kwa kufika fainali. Kijana mmoja, mwanachama mwenye kadi, akasema yeye hapongezi: mwaka 1993 tulifika fainali ya Kombe la CAF tukafungwa 2-0 hapahapa Dar na Stella Abidjan, sasa tena, na tukizoea kupongezana kwa kushindwa hatutabeba. Akataja na mechi, na dakika, na mabadiliko ambayo hakuyaelewa. Kanuni zote alizifuata. Wakamwita pandikizi. Wakamwita mamluki wa Yanga. Mmoja akataka amvue jezi.

Mwenyekiti akikaa kimya hapo, kijiwe kimekufa, kwa sababu kesho yake hakuna atakayesema kitu cha kweli kuhusu timu yake mwenyewe. Mkosoaji wa ndani ndiye mtu wa kulindwa kwanza. Mimi nilisimama mbele ya kijana nikawauliza wale waliopayuka swali moja: ametaja dakika, nani kati yenu anajibu dakika hiyo? Kimya. Kisha mzee mmoja akajibu kweli, kwa hoja, kwamba kwa bajeti na kikosi kile fainali yenyewe ilikuwa mafanikio. Kijana akamjibu. Wakaendelea hadi adhana ya Magharibi.

Na kama wanataka historia, ninayo. Yanga ilianzishwa 1935. Mwaka uliofuata wanachama waliotofautiana na wenzao wakaondoka, wakaunda klabu iliyoitwa Queens, baadaye Sunderland, na tangu 1971 Simba. Klabu yetu ilizaliwa na watu walioambiwa kwamba wanakosoa sana.

Tofautisha, hata hivyo, mahali. Kocha, kikosi, mchezaji, usajili: hayo ni ya kijiwe. Hesabu za klabu na uongozi: yaseme kijiweni ukitaka, lakini mwenye kadi umwelekeze tawini, aandike hoja yake, ifike mkutano mkuu. Nimeona watu wanapiga kelele barazani mwaka mzima na siku ya mkutano wa tawi hawaonekani.

Mtu akizidisha

Anza kimya. Mwite pembeni au mguse bega; onyo la hadharani linamlazimisha mtu kujitetea mbele ya hadhira. Akiwa amekuzidi umri, heshima itangulie: "Shikamoo mzee wangu, naomba nikukatize kidogo." Mzee ukimwambia "we mzee acha matusi" umeshindwa wewe, hata kama ni kweli ametukana. Mara nyingi ninamwomba mzee mwenzake amwambie.

Akirudia, adhabu yetu ni raundi ya kahawa kwa waliokaa wote. Inauma kuliko unavyodhani. Akitukana mama wa mtu au kabila, haji siku ya mechi inayofuata, atasikiliza redio kwao. Sijawahi kumfukuza mtu moja kwa moja na sikushauri, kwani aliyefukuzwa hujenga kijiwe chake hatua ishirini kutoka chako na kila jioni mada ni wewe.

Mafundi wenzangu: siku ya dabi mkasi fungia droo. Na pasi ya mkaa iingie ndani.

Mechi isipochezwa

Hii hutokea. Tarehe 8 Mei 2021 dabi haikuchezwa baada ya muda kusogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku. Tarehe 8 Machi 2025 ikaahirishwa baada ya Simba kusema ilizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa usiku wa kuamkia mechi. Hizo ni siku mbaya kwa mwenyekiti, kwa sababu hakuna dakika ya kutaja. Watu wamejaa hasira za dakika tisini na hawana pa kuzimwaga.

Badilisha kanuni: badala ya dakika, mtu ataje kifungu. Nani ana kanuni za ligi? Zinasemaje kuhusu mgeni kutumia uwanja siku moja kabla? Nani ana mamlaka ya kuahirisha, na lini? Mwaka 2025 kijana mmoja mwanafunzi wa sheria alizileta kwenye simu tukazisoma kwa sauti, mstari kwa mstari. Nusu ya Yanga waliona hoja ya Simba ilipo na hawakuipenda. Nusu ya Simba wakaona kwamba kudai haki ya mazoezi ni jambo moja na kukataa kwenda uwanjani ni jingine, nao hawakulipenda. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga wakatufunga 2-0, na ubishi wa kifungu ukafa siku hiyohiyo kwa kuwa sasa dakika zilikuwepo.

Kufunga baraza nako kuna utaratibu. Neno la mwisho apewe aliyefungwa, hata akisema upuuzi, na asijibiwe hadi kesho. Kahawa ya siku ya dabi inalipwa na upande ulioshinda. Sare ikitokea kila mtu na kikombe chake, na mwenyekiti hadaiwi.